Nguo Sita Bila Mfuko

Sehemu ya tisa

"Shemeji, umekonda," mshtakiwa aliniambia.

Tulikutana kwenye korido ya mahakama. Yeye alikuwa katikati ya askari wawili wa kike, wanja machoni, kitambaa kichwani kimekaa sawasawa. Mimi nilikuwa nimejibanza ukutani nikiomba asinione.

"Mwambie mdogo wangu akulishe vizuri," akaendelea. "Utasimamaje mbele za watu na mashavu hayo?"

"Mdogo wako amehamia kwa mama yenu," nikamjibu.

"Ala! Mmegombana?"

"Tumegombana kwa ajili yako!"

"Pole, shemeji," akasema, na jamani, alimaanisha. Yule mwanamke anaweza kukusukuma shimoni, kisha akakurushia blanketi usije ukapata baridi.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama buchani kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi. Mimi ni fundi cherehani. Dada mkubwa wa mke wangu, mtaa mzima unamwita Anti Pasi, kwa sababu anajua kumhangaikia mtu pasipoti mpaka itoke. Mimi pasi niliyokuwa naijua ni ya kunyooshea nguo, na laiti ningebaki na hiyo hiyo.

Aliniletea wanawake sita niwapime. Wanakwenda nje kufanya kazi hotelini, alisema, wanahitaji sare. Nikashona, wakasafiri. Hoteli haikuwepo. Kulikuwa na nyumba yenye vyuma madirishani. Wakanyang'anywa pasipoti, wakanyang'anywa simu, wakawa wanauzwa kwa wanaume kwa miezi saba. Mmoja wao akafanikiwa kupiga simu, nyumba ikavamiwa, wote sita wakarudishwa. Mwanamume aliyekuwa anawapokea kule, anayejiita Bosi, ameshafungwa.

Huku kwetu wakakamatwa wawili: Anti Pasi na mimi. Nikalala mahabusu siku nne. Cherehani yangu ikachukuliwa kuwa ushahidi. Mke akahama. Wateja wakaja kuchukua nguo zao hata ambazo hazijaisha, na mmoja aliondoka na suruali ya mguu mmoja, akasema bora hivyo kuliko kuiacha kwangu. Mwishowe serikali ikaniachia ili niwe shahidi wake.

Sasa tuendelee.

Askari walimwingiza Anti Pasi ndani, na mimi nikaitwa kwenye chumba cha mwendesha mashtaka. Ni mwanamke mfupi, sauti ya mwalimu wa zamu, meza imejaa mafaili hadi huoni mikono yake. Pindo la joho lake lilikuwa limefumuka, amelibana kwa pini za stepla. Niliumia moyo.

"Nisikilize vizuri, fundi," alisema. "Kumpeleka mtu kupimwa nguo si kosa. Kumhangaikia pasipoti si kosa. Kumsindikiza uwanja wa ndege na kumpungia mkono si kosa. Anti Pasi anakubali hayo yote. Anasema yeye naye alidanganywa, alidhani ni hoteli. Mimi leo natakiwa kuthibitisha neno moja tu."

"Neno gani?"

"Alijua. Nikishindwa hapo, jioni hii anarudi nyumbani, na kesho kutwa anatafuta wengine sita."

Nikatazama viatu vyangu.

"Kuna kitu hujaniambia?" akauliza. "Ile mifuko. Anti Pasi alikurudishia nguo utoe mifuko. Kwa nini?"

"Wateja wana mambo yao, mama."

Hapo nilikuwa namdanganya mchana kweupe. Msomaji, sababu nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeificha tangu siku niliyokamatwa. Sikuwaambia polisi, sikumwambia mke wangu, na wewe ninayekusimulia kila wiki kama ndugu yangu, sikukuambia pia. Usininunie. Ngoja kwanza.

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa mlangoni pa chumba cha mahakama, amesimama kama mtu anayekusanya tiketi.

"Baba," aliniita. Zamani alikuwa ananiita mwanangu. "Unaingia kumfunga mtoto wangu?"

"Naingia kujibu nitakachoulizwa, mama."

"Siku ya posa nilikukataa. Nilisema huyu fundi ana macho ya mtu anayesahau miadi. Nani alikutetea?"

"Ni yeye."

"Ni yeye! Sasa nenda. Ukimfunga, usije kunizika."

Nikaingia. Kizimba cha mashahidi kiko mita mbili kutoka kizimba cha mshtakiwa, kwa hiyo mimi na shemeji yangu tulikuwa tunatazamana kama watu wanaosubiri chakula meza moja. Nyuma, kwenye mabenchi, walikuwa wamekaa wale wanawake sita, walishatoa ushahidi wao siku zilizopita. Wa mwisho ukutani alikuwa yule ninayemwita Mrefu. Ana miaka ishirini na minne, zamani alikuwa anauza viatu, na gauni lake lilikula kitambaa kuliko la mwenzake yeyote. Ndiye aliyepiga ile simu.

Nikala kiapo. Mwendesha mashtaka akaanza.

"Sare hizi uliposhona mara ya kwanza, zilikuwa na mifuko?"

"Tena miwili miwili, ya ubavuni. Mimi hata gauni la bibi harusi nalitia mfuko. Binadamu ana mikono, na mikono inataka pa kukaa."

"Taratibu, shahidi," hakimu akasema. "Naandika."

Hakimu wetu ni mzee wa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye paji la uso, na anaandika kila neno kwa mkono. Ukisema sentensi, unasimama. Anaandika. Anaweka nukta. Anakutazama. Ndipo unasema nyingine. Ni kama kumwandikisha barua bibi yako.

"Kisha?"

"Kisha mshtakiwa akazirudisha zote. Akataka mifuko itolewe."

"Ukaitoa?"

"Nikafumua kumi na mmoja, nikaziba mishono."

"Kumi na mmoja. Na nguo zilikuwa sita. Sita mara mbili?"

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Nikahisi masikio yanapata moto.

Mwendesha mashtaka akainua gauni la bluu lililokuwa mezani. Kielelezo namba nne. Gauni la Mrefu. Akaligeuza nje ndani, akamwonyesha hakimu. Upande wa kushoto mfuko umetolewa, sawa. Upande wa kulia mfuko upo, mzima, ila mdomo wake uliwahi kushonwa, na uzi umekatwa kwa meno. Humo ndimo Mrefu alimoficha kikaratasi alichoandika kule namba ya simu ya kaka yake kabla haijamtoka kichwani. Kwenye ile nyumba walikuwa wanapekuliwa kila siku, godoro, viatu, hata nywele. Mfuko ulioshonwa mdomo hakuna aliyeuwaza. Walipofikisha mwezi wa saba, mwanamke wa usafi akamwazima simu dakika tano.

"Shahidi, mfuko huu mmoja hukuutoa. Kwa nini?"

Nilikuwa nimeapa. Nikasema.

"Uvivu, mheshimiwa."

"Uvivu?"

"Ulikuwa mfuko wa mwisho. Kufumua mfuko ni kazi. Nilikuwa nimechoka, macho yananiuma, nikapitisha cherehani mdomoni mwa mfuko, nikasema nani ataona."

Mahakama yote ikaangua kicheko. Askari wa mlangoni alicheka mpaka akashika kofia. Hakimu aliandika, na niliona kalamu ikichora vizuri kabisa: u-v-i-v-u. Mimi na ufundi wangu wa miaka kumi na tisa, nimeingia kwenye kumbukumbu za serikali namna hiyo.

Mwendesha mashtaka akakaa. Wakili wa utetezi akasimama.

Huyu bwana ana suti ya gharama iliyoshonwa na adui yake. Bega la kushoto limeanguka, la kulia limepanda. Akanisogelea anatabasamu.

"Fundi, umetuambia wewe ni mvivu."

"Siku moja."

"Siku moja tunayoijua. Unashona haraka haraka, unasema nani ataona. Si ndiyo?"

"Si hivyo."

"Nakupa sababu ya mifuko kutolewa. Mteja wangu alipokea nguo, akakuta mifuko imepinda. Mmoja juu, mwingine chini, kitambaa kimejikunja. Aibu tupu. Akaona bora zisiwe na mifuko kabisa kuliko kuvaa mifuko ya fundi mlipuaji. Nakosea?"

Jamani.

Ningependa kuwaambia kwamba nilichosema pale nilikisema kwa ajili ya haki. Ningependa kusema niliwatazama wale wanawake sita, moyo ukanisuta, nikafungua kinywa. Hapana. Mtu mwenye mabega mawili ya urefu tofauti alikuwa ananiambia mifuko yangu imepinda, mbele ya watu. Nikaona giza.

"Mifuko yangu haijapinda tangu nizaliwe!" nikapiga kelele. "Muulize mwenyewe huyo! Aliishika, akaisifu! Akasema, 'Mizuri, shemeji, lakini itoe yote. Huko hawatakuwa na cha kuweka.'"

Kalamu ya hakimu ikasimama.

Kile kitabasamu cha wakili kilibaki usoni, hakijajua pa kwenda. Mwendesha mashtaka aligeuka polepole akanitazama kama mtu aliyekuta nyoka kabatini mwake, tena nyoka anayemtafuta siku zote.

"Rudia, shahidi," hakimu akasema. "Taratibu. Naandika."

"Huko," nikasema.

Akaandika.

"Huko hawatakuwa."

Akaandika.

"Huko hawatakuwa na cha kuweka."

"Ni nani aliyesema?"

"Mshtakiwa. Shemeji yangu. Akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anakunywa maji yangu."

Mara ya kwanza niliyasema kwa hasira. Mara hii, neno kwa neno, kwa mwendo wa kalamu ya yule mzee, niliyasikia mimi mwenyewe. Hakuna simu ya kuweka. Hakuna pasipoti. Hakuna hata sarafu, hata ufunguo, kwa sababu hawatakuwa na mlango wao. Anti Pasi alijua hayo yote mapema hivyo, wakati wale wanawake bado wako mtaani wanaagana na mama zao. Nikashika ubao wa kizimba.

Kwenye benchi mmoja wa wale sita alianza kulia, na jirani yake akamshika shingo. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa. Anti Pasi hakutabasamu tena. Alinitazama, akasema kwa sauti ndogo, bila ubaya, "Shemeji, sasa hiyo ya nini?"

Wakili wa utetezi ni mbaya wa suti, lakini si mjinga. Akanywa maji, akafunga kifungo cha koti, akarudi.

"Ulisikia maneno hayo lini?"

"Siku nne kabla ya safari yao."

"Siku nne. Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Polisi je, walipokukamata?"

"Sikuwaambia."

"Mke wako?"

"Hata."

"Basi nisaidie, fundi. Swali dogo tu. Siku ile, ulipoyasikia, ulielewa maana yake?"

Mwendesha mashtaka akaruka. "Napinga, mheshimiwa! Shahidi si mshtakiwa!"

"Ajibu," hakimu akasema.

Nikaona mtego wote, wazi kabisa. Nikisema sikuelewa, wakili atasema: mnaona? Ni maneno ya mtu tu, hayana maana, hata aliyeambiwa hakuona kitu, na Anti Pasi anakwenda nyumbani kula. Nikisema nilielewa, basi nami nilijua siku nne nzima, nikafumua mifuko, nikakaa kimya. Ile ile "alijua" ya mwendesha mashtaka inageuka kuwa "walijua". Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Nikamtazama mama mkwe. Akatazama dari.

"Nilielewa nusu," nikasema.

"Nusu ipi?"

"Nusu iliyonifanya nisiulize."

Hakimu hakuandika mara moja. Alishusha miwani ya pajini juu ya ile ya machoni, akanitazama kwa miwani yote miwili. Kisha akaandika, muda mrefu.

"Shahidi," akasema, "kwa jibu hilo nawajibika kukuuliza. Una wakili?"

"Sina, mheshimiwa. Nina cherehani, nayo mnayo nyinyi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Askari wa mlangoni alisogea hatua mbili. Pingu zake nazifahamu, tulikaa pamoja siku nne. Nikaficha mikono nyuma.

"Msimfunge fundi!"

Sauti ilitoka nyuma. Mrefu alikuwa amesimama, kichwa karibu kigonge feni.

"Kaa chini, binti," hakimu akasema. "Ulishatoa ushahidi wako."

"Hili sikuulizwa, mheshimiwa! Huyo fundi aliniokoa!"

Mwendesha mashtaka akanyoosha mkono kumzuia. Lakini wakili wa utetezi, yule yule, alisema kwa upole kama mgeni anayekaribishwa chai, "Mheshimiwa, sina pingamizi. Asikilizwe."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Wakili wa mtu wa upande wa pili hakupi zawadi.

Mrefu akaja mbele. Mikono alikuwa ameiingiza mifukoni mwa sketi yake, yote miwili, na hakuitoa muda wote aliokuwa anaongea.

"Mimi ndiye niliyetumwa kuzichukua zile nguo," alisema. "Nikakuta hazina mifuko. Ya kwangu ilikuwa bado iko mezani. Nikamwambia, fundi, mimi nimezoea mfuko, niachie hata mmoja. Akasema haya. Yule Anti alikuwa nje kwenye gari. Nilipofika kule, nikanyang'anywa kila kitu, usiku nikapapasa gauni, nikaukuta. Mmoja, umeshonwa mdomo ili wasiuone. Nikajua amenisikia. Nikajua kuna mtu mmoja huku anayejua tuko wapi na anatutaka turudi." Akamgeukia hakimu. "Miezi saba, mheshimiwa, nimemwombea huyu mtu. Si uvivu. Anaona haya kujisifu. Aliuacha kwa makusudi."

Nikatafuta kichwani siku ile. Nikatafuta kila kona. Nilikuwa na pini mdomoni na usingizi machoni. Nikalikuta neno "haya" tu, na "haya" mimi humwambia kila mteja, hata anayeniambia paa linawaka. Sura yake sikuikuta. Maneno yake sikuyakuta. Sikuwa nimemsikia.

"Vizuri sana," wakili wa utetezi akasema, na sasa tabasamu lilikuwa limerudi lote. "Fundi, tuthibitishie basi. Mfuko huu uliuacha kwa makusudi, kumsaidia binti huyu? Au ni uvivu, kama ulivyoapa saa moja iliyopita?"

Mwendesha mashtaka alifumba macho. Alikuwa ameshaona.

Nikisema makusudi, mimi ni shujaa. Pingu zinarudi kiunoni mwa askari, mke anarudi nyumbani, huenda hata mama mkwe akaniita mwanangu. Lakini "uvivu" imeshaandikwa, kwa mkono wa hakimu mwenyewe, chini ya kiapo. Wakili atasema: shahidi wa serikali ni mwongo, amedanganya kuhusu mfuko, basi na yale maneno ya mifuko ni uongo wake. Yatafutwa. Na bila yale maneno hakuna kitu kingine duniani kinachoonyesha kwamba Anti Pasi alijua.

Nikisema uvivu, maneno yanasimama, Anti Pasi anafungwa, nami namfuata. Na yule binti anasikia, mbele ya watu wote, kwamba miezi saba alimwombea mtu aliyekuwa anasinzia.

Mrefu alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa taratibu kunipa moyo. Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kuchukia tabasamu la mtu mwema kiasi kile.

Mama mkwe naye aliinua uso. Akanikonyeza. Mama mkwe wangu! Mdomo wake ukachora neno bila sauti: ma-ku-su-di. Alikuwa ameshapiga hesabu, watoto wake wote wawili wanapona, mmoja anatoka kizimbani, wa pili anabaki na mume.

"Shahidi, tunakusubiri," hakimu akasema.

"Naomba maji, mheshimiwa."

Karani akaniletea glasi. Nikanywa polepole, funda kwa funda, mpaka tone la mwisho, kisha nikaendelea kuishikilia glasi mdomoni ikiwa tupu.

"Maji yamekwisha, fundi," hakimu akasema, na kalamu ikagusa karatasi. "Makusudi, au uvivu?"